Mihayo

Kishikwambi kilisikia jina lako, kikaandika: Miayo.
Ukacheka. Kicheko hakina kigugumizi.

Kwa Kinyamwezi wewe ni maneno.
Lakini chombo hiki hakijalelewa Urambo;
"lafiki" yako kikaipigia mstari mwekundu,
kana kwamba lafudhi ya bibi yako ni maradhi.
Nikaufuta.

Kinihesabie silabi, sawa;
kinichagulie picha za kesho: mzinga, nta, bani la tumbaku.
Hukumu, hapana.

Leo ulikwama kwenye b ya baba.
Kikaandika: kimya, sekunde kumi na moja.
Nikakizima. Mama yako alitia sahihi
kwa ajili ya silabi, si kwa haya.

Nje kengele ya uji ikalia.
Hatukuinuka.

B... b...
Naam, Mihayo. Nipo.