Kipimo cha Muuza Maziwa

Miaka tisa nimeuza maziwa ya Kabare
pale chini, sokoni Kadutu:
kopo la nusu lita, kopo la robo,
na tone la nyongeza kwa mwenye watoto wengi.
Mkono wangu haukosei. Muulize yeyote.

Ukazaliwa, Ashuza, usiku umeme umekatika.
Mkunga akainua taa ya simu,
akanyamaza kupita kiasi.
Mdomo wako wa juu ulikuwa umeachana katikati,
na ndani, nilipopitisha kidole,
kaakaa lilikuwa na mlango usio na bawaba.

Nikakupa ziwa. Ulijua la kufanya:
ulifungua, ulitafuta, ulivuta,
ukavuta upepo.
Kidogo kilichoingia kikatokea puani.
Ukapaliwa, ukasawijika,
na kifua changu kikazidi kumwaga
kama bomba la mtaani linaloamka
ndoo zote zikiwa zimeshajaa.

Mji mzima umekaa kando ya ziwa,
na wewe, kando ya ziwa, una kiu.

Mama mkwe akasema: sungura.
Akauliza nilikata nini kwa kisu nikiwa na mimba.
Nikamjibu: vitunguu, mama.
Kila siku vitunguu.
Akatazama dumu langu mlangoni, lita ishirini:
basi mpe ya ng'ombe, si unayo?
Na mimi, kusema kweli, nilikwisha shika kopo.

Nesi Kavira alikuja na matope hadi magotini.
Dumu akalisogeza kwa mguu.
"Hilo la ndama," akasema. "La huyu umelivaa."
Akakukalisha wima pajani mwangu,
shingo juu, tumbo mbele,
kama chifu wa mtaa anayengoja soda.
Akachukua kidole gumba changu, akakilaza penye pengo.
"Hapo. Wewe ndiye kizibo.
Sasa kamua. Ngoja ameze.
Usimkimbize. Kamua."

Ukameza.
Nilisikia ile sauti ndogo, *gku*,
na nyumba nzima ikaacha kupumua.

Kinachobaki tunakikamulia kwenye kikombe,
tunakupa kwa kijiko, ukingoni mwa ulimi.
Mvua inashuka na udongo wa kilimani,
mabati yanapiga kelele, jirani anahamisha magodoro,
sisi tunahesabu.
Baba yako Baderha anashika taa kwa meno
na kila kijiko anaweka punje ya haragwe kwenye sahani.
Kijiko ukikitema, anaondoa punje.
Asubuhi tunazipika.
Hesabu yote ya usiku tunaila na bugali.

Jana mteja wangu wa zamani akainua kopo,
akaligeuza kwenye mwanga:
"Mama Ashuza, leo umenipunja."
Nikatazama. Kweli.
Mkono umesahau lita.
Nikamwongezea, kijiko kwa kijiko,
akasimama ananishangaa.

Ijumaa ni mizani.
Unaning'inia kwenye kile kitambaa kama samaki mkali,
mshale unatetemeka, unasita,
na Kavira hasemi mpaka utulie.
Daktari wa kushona anataka kilo tano.
Tuna nne na gramu mia tatu.
Nimeuza kila kitu kwa vipimo maishani,
sijawahi kuomba gramu.

Juzi ulicheka.
Kicheko chako kinaanzia puani, kinafunguka pande mbili,
kinakuwa kipana kuliko uso uliokibeba.
Wataufunga huo mlango, na nataka wafunge,
nitambeba daktari mgongoni kama gari halipandi kilima.
Lakini sitakuficha:
kicheko hicho nimekizoea.
Nimekihifadhi mahali ambapo sindano haifiki.

Haya, kaa vizuri.
Baba ameshika punje, mkono umeanza kumchoka.
Hiki cha ishirini na moja.
Fungua, mama.