Jiko la Hatua Mbili na Nusu

Jiko langu la Bugarika ni hatua mbili na nusu.
Hiyo nusu ni jiwe.
Fundi alijenga kuta tatu, akachoka kubishana,
ukuta wa nne akauachia mlima.

Msumari hauingii. Nimepinda saba
kabla ya kukubali
kwamba mwiko wangu utalala, hautaning'inia.
Lakini jiwe lina bega, usawa wa kiwiko,
na begani hapo panakaa chumvi, chupa ya mafuta,
binzari ndani ya kopo la maziwa la mwanangu
ambaye sasa ana ndevu.

Jumamosi nashuka Makoroboi, elfu nne mfukoni.
Siendi kununua, naenda kuangalia tu;
kila anayerudi na mzigo alianza kwa kusema hivyo.
Nimepata upawa wenye shingo ya korongo,
unagusa chini ya ndoo na mkono hauloi.
Nimepata chujio la chai, mpini umezungushiwa waya wa shaba
na mtu aliyekuwa na subira kuliko mimi.
Nimepata bakuli la bluu, limebambuka ukingoni,
na pale lilipobambuka pana umbo la kisiwa.
Nimekiita Ukerewe. Nakiosha polepole.

Kikaango ni kidogo kuliko sato.
Basi mkia hutoka nje, mbichi, unatazama mlango,
kisha namgeuza, ikawa zamu ya kichwa kutoka.
Samaki wangu huiva kwa awamu
kama nyumba ya mwalimu.

Dagaa, anasema Nyamizi wa chumba cha pili,
waoshwe mara tatu:
ya kwanza mchanga,
ya pili mchanga,
ya tatu wasiwasi.
Kitunguu, nyanya mbili zilizoungua ngozi,
karanga nilizotwanga juu ya kizingiti
kwa sababu ndani kinu kinagonga jiwe
na jiwe linajibu.

Kisha likaja sufuria la mama.
Lilitoka Misungwi juu ya basi, limefungwa kanga,
limejaa michembe hadi shingoni.
Limepikia arusi tisa; misiba hatuhesabu.
Mlangoni lilikataa. Nikaliinamisha, likaingia,
na lilipoingia
mimi nikabaki nje.

Siku tatu lililala uani.
Siku ya nne kuku wa Nyamizi akatagia humo,
tukagombana kidogo kuhusu yai:
kuku wake, sufuria langu.
Tulilikaanga. Tukagawana kwa kijiko.

Siku ya tano nikaligeuza kifudifudi,
nikalisukuma hadi mbele ya moto, nikakaa.

Sikujua kwamba ukikaa, jiko hukua.
Bega la jiwe likawa kushoto, karibu na mkono,
maji kulia, mkaa kati ya miguu,
na kwenye dirisha lisilozidi daftari,
kati ya bati na tangi la jirani,
kipande cha ziwa ambacho nikiwa nimesimama
sikuwahi kukiona.

Mama alikuja wakati wa mvua, bila kupiga simu.
Alitazama juu, alitazama uani, akauliza,
"Mbula, sufuria liko wapi?"
Nikaonyesha kwa kidevu. Aibu ilinijaa mdomo.
Miaka arobaini ya pilau na wali,
mimi nimelikalia.

Akalizunguka. Akaligonga kwa kifundo cha kidole,
likalia vilevile.
Akakusanya kanga, akakaa,
magoti yakakaribia moto.
Halafu, bila kuuliza, mkono ukanyooka
ukapanda bega la jiwe kama umelijua siku zote,
ukarudi na chumvi, ukatia mbogani.

"Hili limepata kazi ya kukaa," akasema.
"Mimi bado."

Mboga ilikuwa imeshatosha chumvi.
Sikusema.
Nilikuwa mlangoni na bakuli la bluu,
nusu ndani, nusu nje,
kama mkia wa sato
ukingoja zamu yake.