Mayai Hayajui Saa

Sekela ameandika bei kwa chaki
mlangoni mwa kabati nililoliranda mwenyewe:
kumi na mbili hadi nne usiku, ghali;
saa tano hadi alfajiri, rahisi.
Mchana ameuacha bila neno.
Mchana ni wa kawaida, kama ugali.

Tangu wenye mtambo wa kule mtoni
walete mita mpya yenye taa nyekundu,
nyumba yetu inakula kwa zamu.
Taa ikiwaka, pasi inalala.
Birika la umeme linavikwa kitambaa
lisije likamshawishi mgeni.
Mgeni akija saa moja jioni
anapewa ulanzi. Ulanzi hauna mita.

Na mimi, fundi wa milango,
randa yangu haiamki kabla ya saa tano.
Nimejifunza kuranda kama mwizi,
gunia limezibwa chini ya mlango,
vumbi la misindano likinitua kwenye koti,
maana Julai ya Mufindi haina utani,
ukungu unaingia bila hodi.
Mke wa Mgimwa alikuja kulalamikia kelele.
Wiki ya pili nikaona dirisha lake lina mwanga
saa saba kasoro, na yeye ndani
anapiga pasi sare za watoto watano.
Tukapungiana mikono
kama waliofumaniana.

Kila kitu kimekubali kusogea.
Hata redio. Hata mimi.
Ila kile kisanduku pembeni mwa kitanda,
kitotoleshi cha mayai sitini,
balbu mbili na kipimajoto,
alichonunua Sekela kwa pesa ya viazi.
Kile hakijui ghali wala rahisi.
Kinataka joto lile lile
saa moja jioni, saa tisa usiku,
Jumapili watu wakiwa ibadani.
"Mayai hayajui saa," anasema,
na kwa ajili yake tunakula gizani,
kijiko kinatafuta mdomo,
ili nyuzi thelathini na saba na nusu
zisishuke hata nukta.

Mwanzoni niliona wivu. Nasema nilivyoona.
Mimi nina baridi, yai lina joto.
Nikapiga hesabu kwenye kipande cha mbao:
bei ya vifaranga Makambako, toa uniti,
toa mayai yatakayoviza.
Kilichobaki hakikutosha kitasa.
Nikakificha kipande kile chini ya godoro.

Siku ya ishirini na moja,
saa mbili kasoro usiku,
taa ya mita nyekundu kama jicho la mlevi,
tulisikia kitu kikikuna,
msumari juu ya karatasi.
Sekela akasimama gizani.
"Washa," akasema.
Nikamkumbusha saa.
"Washa, Kihwele. Washa na ya sebuleni."

Nikawasha. Ganda moja lilikuwa na ufa,
na ndani ya ufa mdomo mdogo, umelowa,
ulikuwa unasukuma, unapumzika, unasukuma,
bila haraka yoyote,
kwa bei ya juu kabisa.
Tulikaa pale hadi saa nne.
Nikachemsha chai. Kwa umeme.

Asubuhi nilikitafuta kile kipande cha mbao.
Nimekipigilia ubavuni mwa kitotoleshi,
pale palipolegea pakawa panaingiza baridi,
hesabu zikitazama ndani.