Mikono ya Puto

Wiki hii nimeingia kibanda umiza cha Nampembe mara tatu.
Mtu wa umri wangu, na miwani ya kufunga kwa kamba,
nimekaa benchi la mbele na watoto wa darasa la tano,
karanga kwenye upindo wa khanga.
Sikufuata filamu. Nilifuata gauni.

Maana tangu chama cha msingi kilipe mnada wa pili
kila anayeleta kitenge analeta na simu:
"Fundi, kama hili. Kama la yule dada
anayemkimbia bwana harusi."
Picha yenyewe ukubwa wa kiganja, kioo kimepasuka,
bega limeangukia kwenye ufa, sijui
mkono umejaa marinda au umejaa sponji.
Nikasema ngoja nikaone mwenyewe.

Siku ya kwanza sikuona kitu.
Mtafsiri anaongea kuliko wanaoigiza,
mfalme wa huko kwao anaapa kwa Kimakonde,
anatishia kumtupa mtu Shimo la Mungu;
banda zima likacheka, nami nikacheka,
gauni likapita.

Siku ya pili umeme ulikatika kabla ya harusi.

Siku ya tatu dada akashuka ngazi, akashuka taratibu,
kana kwamba anajua yuko fundi Newala anahesabu.
Marinda kumi na moja kila bega. Ndani pamba, si sponji.
Na alipoinua mkono kumpungia mama yake
(wenzangu wanalia, mie naangalia kwapa)
nikaona uzi mweupe kwenye kitambaa chekundu.
Kuna mtu alishona usiku, uzi mwekundu ukamwishia.
Nikampenda huyo mtu.
Filamu iliyobaki yote nilikuwa namuwaza yeye.

Basi nashona.
Asumini wa Mnyambe kachukua lake Jumatatu.
Hadia, mwembamba kama kijiti cha muhogo,
puto limemmeza mpaka masikio.
Nikamwambia, "Mwanangu, gauni linakutembeza."
Akajibu, "Niache nitembezwe, fundi. Mwaka huu korosho zimekubali."
Nikakosa la kusema.
Mwakani mikono itanywea, watarudi nipunguze,
na mwaka wa tatu watarudi niongeze;
nimeacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono.
Siwaambii.

Mume wangu akiwaona husema, wanaiga, hawana chao,
zamani watu walikuwa na msimamo.
Zamani ipi?
Bibi yangu Nantende alikuwa na ndonya mdomo wa juu,
na nembo, mistari ya pembepembe, mashavuni hadi kwenye paji,
imechanjwa kwa kisu, ikasuguliwa mkaa wa nyonyo.
Nilimuuliza nikiwa mdogo, kwa nini, bibi?
Nilingoja mizimu. Nilingoja vita, siri ya ukoo.
Akasema, "Wenzangu wote walikuwa nazo.
Na yule mchanjaji wa Kitangari alikuwa na mkono mzuri,
tulipanga foleni."
Akanyamaza kidogo, akatafuna.
"Wa nyumba ya pili walikuwa wamenitangulia."

Wenzake wakaacha. Mabinti zao wakakataa kisu.
Yeye angevua vipi?
Alilazwa Ndanda, manesi vijana wakaja kumchungulia
mmoja mmoja, kama wanaoingia bandani kwa Nampembe,
na aliporudi akawa hapiti sokoni
bila kushika khanga mdomoni.
Ngozi haina akiba ndani ya mshono.

Kwa hiyo nikimwona Hadia na mabega yake
anapita upande upande mlango wa duka la dawa,
nacheka, ndiyo, nacheka sana,
lakini jioni atalivua, atalitundika kwenye msumari,
na kesho, akitaka, atavaa dira.

Leo usiku nimekata cha kwangu.
Mume wangu kageuka kitandani: "Cha nani hicho?"
"Cha mteja."
Marinda saba tu, umri una heshima yake.
Kitenge ni chekundu. Uzi mwekundu ninao, bunda zima.
Kwapani nimetia mweupe.