Kiganja Kilekile

Jumanne tulichoma miwa ya Khaemba, ng'ambo ya Nzoia.
Sungura akachomoka motoni, masikio kayalaza.
Rungu langu lilimpata. Tulimla na ugali;
nikapewa paja, wakausifu mkono wangu.

Jumatano, kwenye mtaro ambao moto uliuruka:
vitungule watatu, macho wazi, kimya,
hata mmoja hajai kiganja.

Nekoye hakuniuliza kitu.
Alichukua bomba la kuchanjia kuku, akang'oa sindano,
akalichemsha. Akakamua mbuzi.
"Tone kwa tone," alisema. "Ukiharakisha utawazamisha."

Basi mimi, mkata miwa, vidole vigumu kama mpini,
naamka saa nane za usiku kuhesabu matone.
Nawapangusa matumbo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu,
mahali pa ulimi
nilioula.

Mmoja alikufa Ijumaa. Nilimzika nyuma ya choo,
nikaliosha jembe. Nekoye aliona jembe safi
akajua.

Waliobaki wameanza kutafuna majani ya viazi.
Jana usiku yule mwenye baka jeupe
alinusa kiganja changu, kilekile,
akanusa kwa muda mrefu.

Kisha akanywa.