Mgeni Ndani ya Goti

Daktari Szepesi anabandika picha mbili kwenye taa:
ya miaka kumi na moja iliyopita, na ya asubuhi hii.
"Huyu ni wewe. Na huyu pia ni wewe."
Emőke anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta,
anaivaa tena. Hajioni.

Anachokiona ni ukumbi wa Veszprém,
dakika ya arobaini na nane, wako nyuma bao moja,
alivyoruka na mpira mkononi, alivyotua, alivyogeuka:
mwili ukaenda, goti likabaki.
Ta! Kama ukuni mkavu.
Hakuguswa na mtu.

Wakatoboa kwa keekee, tundu pajani, tundu kwenye muundi,
wakachomoa kano ya nyuma ya paja lake mwenyewe,
wakaikunja mara nne, wakaipitisha
kama uzi kwenye sindano. Skrubu moja.
Kisha wakamwambia: ngoja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mfupa haukuijua methali hiyo.
Ulijibanza kwanza, ukasogeza kuta,
tundu la milimita nane likawa kumi na moja,
kama mwenyeji anayehamia jikoni
akamwachia mgeni kitanda kizima.
Miezi ikapita ndipo ukatoa jembe,
nyuzi moja moja zikashikana na ukuta.

Na wakati huo, yeye akitembea na magongo
kando ya ziwa Balaton, mguu wa kushoto ukining'inia,
muundi ulikuwa ukimwaga chokaa yake kimyakimya,
duka linalomaliza bidhaa bila kutangaza.
Alipoanza tena kukimbia, mfupa ukajenga,
ila si palepale.

"Hapa," kalamu inagusa ukingo, "umeota vijino."
Vidogo, kama pembe za mwanambuzi.
"Ni uzee?"
"Una miaka thelathini na nne, Emőke."
Anacheka, peke yake.
Jioni ana wasichana kumi na wanne wa kuwafundisha kutua,
na hakuna hata mmoja anayemsikiliza.

Anaomba picha. Zote mbili.
Ndani ya basi anaziinua dirishani, moja juu ya nyingine:
mahali penye mfupa ndipo mwanga unapopita,
na mizabibu yenye theluji inakimbia ndani ya paja lake.
Matundu tu ndiyo yamebaki meusi.
Kituo chake kinapita. Hasimami.