Namba Saba

Banda la video la Kinyanambo lilikuwa na mabenchi kumi na moja,
kumi ya mbao, moja la gogo lisiloranduliwa,
na sisi wa shilingi hamsini tulikaa kwenye gogo,
utomvu wa mpaina ukigandisha kaptura zetu.
Nje, Julai ya Mafinga.
Ndani, Julai ileile,
ila imechanganyika na pumzi za watu sabini.

Warumi walikuja Jumamosi, saa mbili usiku,
magoti wazi, wamevaa sketi za ngozi.
Tulicheka mpaka Chengula akapunguza sauti ya televisheni.
"Chekeni. Hawa walitawala toka hapa
mpaka Makambako ya dunia."

Chengula hakujua lugha ya wale watu.
Mchana alinoa misumeno ya kiwandani.
Usiku alisoma midomo,
alisoma mawingu nyuma ya midomo,
akatuambia wanasema nini.

Mmoja wao alikuwa kijana, kidevu bado laini,
wamempanga juu ya ukuta mwishoni mwa ufalme
alinde ukungu.
Huku ukuta, kule ukungu,
na ndani ya ukungu watu waliojipaka samawati
ambao filamu haikuwapa hata jina.
Jemadari wao akapanua kinywa,
Chengula akamtilia maneno: "Kamwene!"
na banda zima likaitika.

Basi kuanzia hapo tulikuwa upande wa ukungu.

Ila yule kijana.
Alijifuta kamasi kwa kiganja, akageukia kusini.
"Anasema, mama, baridi ya huku
inauma kupita ya Mafinga."
Hakuna aliyecheka.

Kisha lango likaanza kufunguka,
na umeme ukakatika.

Tulikaa. Nani angetoka na hamsini yake imeliwa?
Gizani, sauti ya Chengula ikaendelea,
kama vile mkanda ulikuwa kooni mwake siku zote:
moto wa kijana umezimika,
anashuka ukuta kwa kamba, kigae mkononi,
anapapasa kwenye umande hadi penye nyumba.
Hodi. Karibu.
Naomba moto.
Mwanamke wa samawati anamtilia makaa matatu,
anamwambia, pitia kule bondeni,
mbwa wetu hawakujui.

"Na vita?" Mtoto wa Tweve akapiga benchi. "Vita iko wapi?"
"Ipo. Asubuhi.
Lakini usiku huu wote wanaota moto mmoja."

Miaka ikapita. Gesti moja, Makambako,
niliiona yote, na sauti yake yenyewe:
tarumbeta, farasi wanaoanguka kwa mafungu,
kijana anaua watu arobaini kabla ya mapumziko.
Nilingoja kigae.
Nilizima majina yalipoanza kupanda.

Sasa ninalinda mimi.
Ngazi thelathini na nne kwenda juu,
koti la kampuni lenye mikono mirefu kuliko yangu,
redio, darubini yenye jicho moja bovu.
Huku mipaina imepangwa mistari,
jeshi lililosahauliwa kuambiwa "pumzika".
Kule, ng'ambo ya kinga ya moto,
mashamba ya watu, ambayo ramani yetu imeyaacha meupe.
Jiko langu la kopo limezimika saa tisa.
Kiberiti kimelowa kama ulimi.

Na kule kwenye weupe, moshi.
Si mkubwa. Wa sufuria moja,
viazi labda, mtu na mtoto wake wamewahi kulima.
Upepo hakuna. Nyasi zinachuruzika maji.
Kitabu cha kazi kinasema: moshi wowote.
Wowote, kimepigiwa mstari.

"Namba saba, namba saba, unaona nini?"

Nimeshika kopo kwa waya wake.
Mguu uko ngazi ya kwanza, chuma kinauma hadi kwenye jino.
Huko chini mbwa amebweka, mara moja tu,
halafu mtu akamnyamazisha.

"Ukungu," nasema.
Ngazi ya pili. Ya tatu.
"Ukungu tu, mkuu."